Kurisiti Kidato cha Nne Ukiwa na Shaka: Mwongozo Kamili kwa Kijana Mkristo

Matokeo ya kidato cha nne yanapotoka mwezi Januari, nyumba nyingi za Tanzania hupokea habari mbili kwa mkupuo. Ya kwanza ni alama zenyewe. Ya pili ni hukumu ambayo Baraza la Mitihani halikuiandika popote: kwamba huyu mtoto hana kichwa. Nakuandikia wewe uliyepokea zote mbili na unataka kurisiti, yaani kurudia mtihani. Unasali, pengine unaimba kwaya, na bado usiku unajiuliza kama huendi kupoteza hela za mama kwa mara ya pili.

Nimekaa miaka mingi na wanaorisiti, na nina jambo moja ninaloliamini kabisa. Wengi wanasubiri shaka iondoke ndipo waanze kusoma, na wengine wanadhani kuwa na shaka ni dhambi, kwa hiyo wanaificha hata mbele za Mungu. Anza ukiwa nayo. Ipeleke kwenye maombi kama ilivyo, kisha fungua daftari hukohuko ikiwa bado ipo. Inapungua njiani, kadiri unavyoona kazi ya mikono yako.

Hatua ya kwanza: kula, lala, uzungumze na mtu

Usifanye uamuzi wowote mkubwa katika siku za mwanzo baada ya matokeo. Soma 1 Wafalme 19. Eliya ametoka kushinda pale Karmeli, kisha tishio moja la Yezebeli linamkimbiza jangwani, anaketi chini ya mretemu na kumwomba Mungu afe. Angalia Mungu alivyomhudumia. Hakuanza na mahubiri wala maonyo. Malaika alimgusa, akamwonyesha mkate uliookwa makaani na gudulia la maji. Eliya akala, akalala tena, akaamshwa mara ya pili na kuambiwa ale kwa sababu safari ilikuwa kubwa mno kwake. Maswali yalikuja baadaye sana, mlimani Horebu.

Kwa hiyo kula, hata kama huna hamu. Lala. Zima simu iliyojaa picha za matokeo ya wenzako. Na kama mawazo ya kutaka kufa yanakujia, usiyabebe peke yako hata usiku mmoja: mwambie mzazi, dada, mchungaji, padri au katekista, na mwende hospitali siku hiyohiyo. Kumwona daktari wa afya ya akili hakupunguzi imani yako. Mzazi unayesoma hapa, nakusihi: wiki hiyo usimlinganishe mtoto wako na wa jirani.

Hatua ya pili: tenganisha shaka inayokupa taarifa na shaka inayokuhukumu

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na ningependa ukae hapa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote.

Chukua daftari, gawa ukurasa katikati kwa mstari. Kwa siku kadhaa andika kila sentensi ya shaka inayokupitia kichwani, kwa maneno yaleyale. Upande wa kushoto weka zile zinazotaja kitu unachoweza kukionyesha kwa kidole: "Sijui logarithimu." "Naishiwa muda kwenye Historia." "Sielewi swali likiwa refu." Upande wa kulia weka zile zinazotaja wewe ni nani: "Mimi ni kilaza." "Ukoo wetu hatuna akili za shule." "Mungu amewapa wengine."

Sentensi za kushoto ni msaada. Zinakuambia usome nini Jumatatu, na hakuna haja ya kuzikemea kwenye mkesha. Dawa ya kutojua logarithimu ni kujifunza logarithimu. Sentensi za kulia ndizo zinazohitaji kujibiwa kwa Neno na kwa ukweli, na nyingi zikipekuliwa vizuri zina kitu cha kushoto kilichojificha ndani yake.

Chukua "mimi ni kilaza". Kijana amesoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, akaingia kidato cha kwanza na kukuta Baiolojia, Jiografia na Hisabati zote zimegeuka Kiingereza. Ukimwuliza kwa Kiswahili kwa nini mito hupinda inapofika tambarare, anakueleza vizuri kabisa. Mpe swali lilelile kwenye karatasi ya mtihani, anaandika mistari miwili na kuacha. Nimeona hili mara nyingi mno, na linaniuma kila mara, kwa sababu mtoto anajiona mjinga wakati kilichomkwamisha ni lugha ya swali. Hilo lina dawa. Jifunze maneno ya amri yanayorudi kila mwaka, kama "define", "outline", "explain" na "differentiate", ujue kila moja linadai jibu la namna gani. Kila siku eleza jambo moja kwa Kiswahili kwa sauti, kisha liandike kwa sentensi fupi za Kiingereza, tano tu, na mtu akusahihishie.

Chukua pia neno "ziro", maana ndilo linalotisha kuliko yote. Divisheni huhesabiwa kwa masomo saba uliyofanya vizuri zaidi: A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4 na F 5. Divisheni ziro ni pointi 34 au 35. Mwenye F sita na D moja ana 34, amepata ziro. Mwenye F tano na D mbili ana 33, naye yuko divisheni ya nne. D huanzia alama 30 na C huanzia 45. Kati ya aliyeitwa ziro na aliyeitwa mwenye cheti panaweza kuwa na alama chache mno katika somo moja tu. Sisemi hivyo ili uridhike na D. Nasema ili uone kwamba karatasi ile ilipima majibu yako ya Novemba katika masomo saba, na mwisho wa kipimo chake ni hapo.

Tena kipimo chenyewe huweza kuyumba. Mwaka 2013, matokeo ya mtihani wa 2012 yalipotangazwa, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata divisheni ziro. Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, aliunda tume, na baadaye matokeo yale yakafutwa na kupangwa upya. Kuna vijana walioitwa ziro mwezi Februari ambao miezi michache baadaye hawakuwa ziro tena, na akili zao zilikuwa zilezile.

Hatua ya tatu: sali ukisema ukweli

Baba mmoja alimleta mwanawe kwa Yesu, na Yesu alipomwambia habari ya kuamini, akalia kwa sauti: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu" (Marko 9:24). Yesu hakumrudisha nyumbani akakamilishe imani kwanza. Alimponya mtoto. Hayo ndiyo maombi ya anayerisiti, na yanatosha kwa asubuhi nyingi.

Njia ninayoishauri ni fupi. Asubuhi, kabla ya kugusa simu, soma mistari michache ya Zaburi au Injili. Taja kwa Mungu sentensi moja ya upande wa kulia wa daftari lako, bila kuipamba. Kisha taja kazi moja ya siku hiyo kutoka upande wa kushoto: "Bwana, leo nasoma matriksi, nisaidie kukaa mpaka nimalize." Jioni rudi umwambie ilivyokwenda, hata kama ilikwenda vibaya.

Shaka ikikuvamia mchana, fanya alivyofanya mtunga Zaburi ya 42. Aliigeukia nafsi yake na kuihoji: "Nafsi yangu, kwa nini kuinama, na kufadhaika ndani yangu? Umtumaini Mungu." Siku nyingi sisi huisikiliza nafsi tu ikituhubiria. Kuna wakati inabidi wewe ndiye uihubirie.

Na tafadhali soma Wafilipi 4:13 pamoja na mstari wa 12. "Nayaweza mambo yote" imebandikwa kwenye daladala na fulana hadi watu wanadhani ni ahadi ya kufaulu kila kitu. Paulo aliandika akiwa kifungoni, na mambo yote aliyoyataja ni kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Anasema Kristo anamtia nguvu ya kustahimili hali yoyote. Ukiushika mstari huo kwa maana yake, hautakuvunjikia mikononi siku utakapopata alama 18 kwenye jaribio la mwezi wa nne.

Hatua ya nne: jisajili mapema

Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, na anayechelewa hulipa faini. Nenda kwenye kituo cha mtihani kilicho karibu nawe ukiwa na namba yako ya mtihani wa zamani, upewe namba ya malipo, na utunze risiti. Kama unarudia Fizikia, Kemia au Baiolojia, uliza habari za maabara siku hiyohiyo, maana kuna mtihani wa vitendo. Jua pia kwamba mtahiniwa wa kujitegemea hana alama za maendeleo za shuleni za kumbeba: karatasi ya Novemba ndiyo kila kitu.

Kama uliacha shule kabla ya kidato cha nne, njia yako inaanzia kwenye Mtihani wa Maarifa, ule unaoitwa QT. Uliza katika ofisi ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ya mkoa wako. Na wewe binti uliyekatishwa masomo kwa ujauzito, tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu kurudi katika shule za mfumo rasmi. Usikubali mtu akuambie mlango umefungwa.

Hatua ya tano: jipime kabla ya kuanza

Wengi huanza kurisiti kwa kusoma upya kila kitu kuanzia ukurasa wa kwanza wa kidato cha kwanza. Kufika Mei wamechoka, na bado wako kidato cha pili. Anza kwa kujipima. Chagua mtihani mmoja uliopita wa kila somo, kaa mezani kwa muda kamili bila daftari, kisha mpe mwalimu asahihishe kwa ukali. Alama zitakuwa mbaya. Ziandike hivyohivyo pamoja na tarehe, kwa sababu Agosti utazihitaji kama ushahidi.

Kuna hazina tatu za bure ambazo wanaorisiti wengi hawazijui. Tovuti ya Baraza la Mitihani ina fomati za mitihani, zinazoonyesha kila somo lina sehemu ngapi na alama zake. Ina pia taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, mwaka kwa mwaka: swali gani liliangusha wengi, walikosea wapi, na mfano wa jibu zuri na jibu baya. Kwa maoni yangu hakuna kitabu cha tuisheni kinachoifikia taarifa hiyo. Ya tatu ni Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, yenye vitabu vya kiada. Ukikosa bando, pakua mara moja kwa rafiki na uhifadhi kwenye simu.

Hatua ya sita: panga ratiba, kisha ilinde

Nehemia alipoujenga ukuta wa Yerusalemu alidhihakiwa kwa maneno unayoyafahamu. Tobia, mmoja wa wapinzani wake, alisema hata mbweha akipanda juu yake ataubomoa. Jibu la Nehemia liko katika 4:9: walimwomba Mungu wao, na wakaweka walinzi mchana na usiku. Mstari mmoja una maombi na zamu. Ukuta ulikamilika kwa siku 52.

Ratiba yako iendane na maisha yako halisi. Kama unauza genge na mama hadi saa mbili usiku, usiandike kwamba utasoma saa moja jioni. Tafuta saa mbili zilizo zako kweli, labda alfajiri kuanzia saa kumi, na uzishike siku tano kwa wiki. Saa mbili za kila siku kuanzia Februari hadi Oktoba zinazaa kuliko kukesha mwezi mzima wa Oktoba. Gawa kila kipindi: nusu saa ya kusoma, saa nzima ya kujibu maswali kwa kalamu, nusu saa ya kusahihisha. Kusoma tu bila kuandika kunakudanganya, kwa kuwa kila kitu kinaonekana umekielewa hadi kitabu kifungwe.

Jumapili pumzika. Nenda ibadani au misani, kisha kaa na watu. Jumamosi moja ya kila mwezi fanya mtihani kamili na uandike alama chini ya zile za mwanzo.

Hatua ya saba: tafuta Barnaba wako

Katika Matendo 13, kijana Yohana Marko, aliyekuwa safarini na Paulo na Barnaba, aliwaacha huko Pamfilia akarudi Yerusalemu. Walipopanga safari ya pili, Paulo alikataa katakata kwenda naye, tena kwa sababu inayoeleweka: huyu alituacha. Barnaba alimtaka. Wakashindana hadi wakatengana, Barnaba akamchukua Marko wakavuka kwenda Kipro. Miaka ikapita. Paulo, akiwa kifungoni na karibu na mwisho wake, anamwandikia Timotheo amlete Marko, "maana anifaa kwa utumishi". Aliyekataliwa ndiye aliyeitwa tena. Katikati yake alikuwepo mtu mmoja aliyekubali kusafiri naye wakati jina lake lilikuwa limeharibika.

Mtafute mtu wa namna hiyo na umwombe waziwazi. Huhitaji profesa. Anaweza kuwa mwalimu mstaafu wa usharika wenu, dada wa jumuiya aliyemaliza kidato cha sita, au mwenzako mnayerisiti naye. Mwambie: "Kaka, naomba kila Jumamosi nikuonyeshe nilichofanya wiki hii, na nisipokuja unitafute." Ombi hilo ni zito, lakini wengi hulikubali kwa furaha. Wale wanaokuita kilaza wasalimie kwa heshima na usiwaonyeshe ratiba yako.

Kikundi cha watu watatu au wanne kinafaa. Kikizidi hapo kinageuka kijiwe.

Hatua ya nane: jiandae kwa miezi ya katikati

Februari kila mtu ana moto. Oktoba kila mtu ana hofu, na hofu nayo inasukuma. Wengi huachia Juni na Julai, bila kutangaza, kwa kuruka siku moja, kisha tatu. Kwa hiyo panga mapema: siku ukishindwa kabisa, fanya swali moja, uandike tarehe, ulale. Siku uliyoiruka usiifidie kwa kukesha. Endelea pale ulipofikia.

Hapo ndipo ninapowakumbusha wanafunzi habari za John Stephen Akhwari wa Mbulu. Sehemu ya kwanza inajulikana: Olimpiki ya Mexico City, 1968, alianguka njiani, goti likaumia vibaya, akamaliza marathoni kwa saa 3:25:27, wa mwisho kati ya 57 waliofika, zaidi ya saa nzima nyuma ya mshindi Mamo Wolde wa Ethiopia. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alisema nchi yake haikumtuma mbali vile aanze mbio, ilimtuma azimalize. Sehemu ya pili husimuliwa mara chache, nami naipenda zaidi. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, alikimbia marathoni tena akawa wa tano, kwa saa 2:15:05. Kati ya picha ile ya bandeji gotini na nafasi ya tano ipo miaka miwili ya mazoezi ambayo hakuna aliyeipiga picha. Julai yako iko humo.

Fungua pia daftari la alama. Kama Hisabati imetoka 11 ikafika 27, shaka haina jibu kwa namba hizo.

Hatua ya tisa: ikatae njia ya mkato

Oktoba ikifika, shaka hutafuta mteja. Utaona makundi ya mtandaoni yanayouza "pepa", yaani mitihani inayodaiwa kuvuja. Mengi ni utapeli mtupu, na ukikutwa umehusika na udanganyifu matokeo yako yote yanafutwa. Kwa Mkristo kuna hasara nyingine: ukifaulu kwa wizi, ile sentensi ya "mimi ni kilaza" unaishi nayo maisha yako yote, kwa sababu hukuwahi kuijibu.

Watakuja na wanaouza kalamu za upako na mafuta ya kufaulia. Nasema kwa uchungu, kwa kuwa wanaonunua ni akina mama wasio na kitu. Mungu hauzi neema. Hela hiyo nunua daftari, nauli, na taa ya kusomea.

Hatua ya kumi: wiki ya mtihani na baada yake

Siku ya kuamkia mtihani acha kusoma mapema. Weka tayari kalamu, kifaa cha hesabu kama kinaruhusiwa, na barua ya usajili. Ukishika karatasi, isome yote kwanza, kisha anza na swali unalolimudu. Ukikutana na usilolijua, vuta pumzi, sema kimoyomoyo yale maneno ya baba wa Marko 9, nenda swali linalofuata. Ukitoka nje usijadili majibu. Karatasi iliyokusanywa haibadiliki, na unayo nyingine kesho.

Desemba tafuta kazi au ujuzi wa mikono, usikae kuhesabu siku. Matokeo yanapokaribia, chagua mapema ni nani utakuwa naye ukiyafungua, na amua mapema utafanya nini kwa kila hali. Ukipata angalau C tatu, angalia sifa za kidato cha tano. Ukiwa na D nne zisizo za masomo ya dini, zipo programu za astashahada katika vyuo vinavyosimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi: afya, kilimo, uhasibu, maendeleo ya jamii, na nyinginezo zenye masharti ya masomo fulani. Soma mwongozo wa udahili wa mwaka husika kabla ya kulipa chochote, na hakikisha chuo kimo kwenye orodha yao. Ikiwa alama bado hazijatosha, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana kozi zinazokupokea kama ulivyo, na namba yako ya mtihani bado inakuruhusu kusajiliwa tena. Mpelekee Barnaba wako matokeo hayo siku hiyohiyo, yawe yoyote, pamoja na lile daftari la alama, mkae chini mpange Februari.